Wasomaji Wanauliza: Bibi Asiyejulikana Jina la Kwao

Barua za duru hii zina ugonjwa mmoja: mwanamke wa Kimarekani wa karne ya 19 ambaye jina la mumewe linajulikana, la baba yake halijulikani. Tumechagua sita. Majina ya walioandika tumeyaacha.

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Mke wangu ni mzaliwa wa Ohio na watoto wetu wameanza kuuliza habari za ukoo wa mama yao. Bibi wa mbali zaidi tunayemfahamu ni Sarah. Katika sensa ya 1860 yuko Ohio na mume na watoto watatu, umri miaka 28, kazaliwa Pennsylvania. Baba yake hatumjui. Tumetafuta cheti chake cha kuzaliwa mpaka tumechoka. Tuanzie wapi?

JIBU: Cheti hicho msikitafute tena. Pennsylvania ilianza kusajili vizazi na vifo vya jimbo zima mwaka 1906. Kabla ya hapo kulikuwa na jaribio fupi la kuanzia 1852 ambalo halikudumu, na Sarah alikuwa ameshazaliwa zamani. Marekani haikuwa na rejesta moja ya taifa. Kila jimbo lilianza kwa wakati wake: Massachusetts 1841, Michigan 1867, mengi ya yaliyobaki kati ya 1880 na 1920. Kwa hiyo kabla ya kuwinda hati yoyote, ulizeni kwanza jimbo na kaunti ile ilianza kuiandika lini.

Anzeni na watoto. Kwenye ukurasa huo huo wa sensa tazameni safu ya mahali pa kuzaliwa. Kama mtoto mkubwa kazaliwa Ohio, yumkini wazazi walioana Ohio, ambako kaunti zilitunza vitabu vya ndoa karibu tangu zilipoundwa. Kama mkubwa kazaliwa Pennsylvania na wa pili Ohio, basi ndoa huenda ilifungwa Pennsylvania, na huko leseni za ndoa hazikuwapo hadi Oktoba 1885; itabidi mwende kwenye vitabu vya makanisa. Mkikosa ndoa katika kaunti ya mume, jaribuni kaunti jirani, maana desturi ilikuwa kuoana kwao bibi harusi. Na mkiipata, msishangilie mapema: mjane aliyeolewa tena aliandikwa kwa jina la marehemu mumewe. Mwanamke wa miaka 28 angeweza kabisa kuwa kwenye ndoa ya pili.

Kisha wafuateni watoto wake wote, pamoja na waliozaliwa baada ya 1860, hadi makaburini. Ohio ilianza vyeti vya vifo vya jimbo zima tarehe 20 Desemba 1908, na fomu iliuliza jina la mama la kabla ya kuolewa. Udhaifu wa cheti hicho ni kwamba anayejibu si marehemu. Mara nyingi ni mkwe au mjukuu ambaye hakuwahi kumwona Sarah, na akibanwa na swali hutaja jina la kwanza linalomjia, pengine la ukoo wa mume. Ndiyo maana cheti kimoja hakitoshi. Chukueni cha kila mtoto, mtazame nani alitoa taarifa kwa kila kimoja, na mpime kama majina yanakubaliana ilhali watoa taarifa ni tofauti.

Sasa ardhi, ambako watafutaji wengi hawafiki kwa sababu hati zake zinachosha kusoma. Kwa sheria za wakati ule, mali ya mwanamke aliyeolewa iliangukia mikononi mwa mume. Ni kuanzia Mississippi mwaka 1839 na New York mwaka 1848 ndipo majimbo yalipoanza kulegeza. Lakini mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu hakukubali kununua shamba mpaka mke naye atie sahihi kuachia haki hiyo, na katika majimbo mengi hakimu alimhoji faragha, mumewe akiwa nje, kuhakikisha hakulazimishwa. Mwanamke ambaye kwingine hatajwi popote, hapa anatajwa kwa jina na alama yake ipo. Faharasa humficha, kwani huandika jina la mume na kifupisho cha Kilatini “et ux.” tu, yaani pamoja na mke. Ni lazima kufungua hati yenyewe.

Hati nono kuliko zote ni ile ya warithi. Baba akifa bila wosia, watoto wote humiliki shamba kwa pamoja, na wakitaka kuliuza ni lazima wote watie sahihi: wana na wake zao, mabinti na waume zao. Hati moja inaweza kuwataja mabinti watano kwa majina ya waume zao. Tatizo ni kwamba faharasa itaonyesha jina la mrithi wa kwanza tu, kwa kawaida kaka mkubwa, likifuatwa na “et al.”, yaani na wengine. Ukitafuta kwa jina la mume wa Sarah hutaipata kamwe. Utaipata ukishakuwa na mtu wa kumshuku kuwa ni ndugu yake.

Na wa kushukiwa mtawapata katika sensa ile ile. Orodhesheni kaya kumi kabla ya ya Sarah na kumi baada yake, mchague zenye wakuu waliozaliwa Pennsylvania, hasa wanaume waliomzidi umri kwa miaka 20 hadi 40 na vijana wa rika lake. Familia zilihama kwa makundi. Kisha chukueni kila jina mkalitafute katika mahakama ya mirathi ya kaunti. Mkifika huko, msiridhike na kitabu cha nakala za wosia. Ombeni jalada la karatasi zenyewe za mirathi. Ndani mna stakabadhi za mgawo ambazo kila mrithi alitia sahihi, na kwa binti aliyeolewa aliyetia sahihi ni mumewe. Jina la mume wa Sarah likionekana kwenye stakabadhi ya mgawo, mmekaribia sana.

SWALI: Sensa ya 1850 inaonyesha mwanamume wa miaka 45, mwanamke wa miaka 27 na watoto sita, mkubwa ana miaka 16. Wote jina moja la ukoo. Huyu mwanamke ni mama yao?

JIBU: Piga hesabu: alimzaa mkubwa akiwa na miaka 11? Karibu hakika sehemu ya watoto si wake, na huenda huyo ni mke wa pili. Sensa haisemi uongo hapo, swali hilo haikuulizwa. Toka 1790 hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya pekee, wengine wakawa idadi tu kwa jinsi na rika. Mwaka 1850 iliandika jina la kila mtu huru, lakini safu ya uhusiano na mkuu wa kaya haikuwapo mpaka 1880. Hivyo katika 1850, 1860 na 1870 mwanamke aliye chini ya jina la mwanamume anaweza kuwa mke, dada, binti mkubwa au mkwe mjane.

Ukimfuata hadi 1900 utapata msaada mkubwa: sensa hiyo iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ile ya 1910 ilirudia maswali ya ndoa na watoto. Mama akisema amezaa wanne na wewe una sita, wawili ni wa mwingine. Kati ya 1880 na 1900 kuna shimo, kwa kuwa karatasi za 1890 ziliharibiwa na moto wa Washington wa Januari 1921 na zilizonusurika ni majina elfu sita na kitu tu. Ziba shimo hilo kwa sensa za majimbo, vitabu vya kodi na magazeti. Mkusanyo wa magazeti ya zamani wa Maktaba ya Bunge la Marekani ni bure mtandaoni.

Usikwame pia kwa majina ya utani. Polly ni Mary, Patsy ni Martha, Peggy ni Margaret, Sally ni Sarah, na Nancy mara nyingi ni Ann. Mwanamke mmoja anaweza kuwa Polly kwenye wosia wa baba na Mary kwenye kaburi, na watafutaji wasiojua hilo wamezalisha wake wawili pale alipokuwapo mmoja. Umri nao usiuamini sana. Miaka kumi ikipita kati ya sensa mbili, wanawake wengi huzeeka kwa saba au minane.

SWALI: Bibi yetu aliachwa mjane na askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Tunasikia kuna majalada ya pensheni. Yana nini, na yanapatikanaje?

JIBU: Dada yetu, kama mume alipigana upande wa serikali ya Muungano, yaani wa Kaskazini, kabla ya kugusa kitu kingine tafuta jalada hilo. Sheria ya tarehe 14 Julai 1862 ilimpa mjane wa askari wa kawaida dola 8 kwa mwezi, na mwaka 1866 ikaongezwa dola 2 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 16. Ili apate fedha hizo ilimbidi athibitishe mambo mawili, kwamba aliolewa kihalali na kwamba watoto ni wa marehemu. Basi ndani ya jalada utakuta nakala ya ndoa, viapo vya waliohudhuria harusi, maelezo ya mkunga, na mara nyingine ukurasa halisi wa Biblia ya familia uliochanwa na kutumwa Washington, ambao haukurudi nyumbani. Walioapa kumjua tangu utotoni waandike wote. Mara kwa mara ni dada zake na wajomba zake.

Askari aliyeishi hadi uzeeni naye ana faida kwako. Mwaka 1898, na tena 1915, ofisi ya pensheni iliwatumia wapokeaji dodoso lililouliza jina la mke kabla ya kuolewa, tarehe na mahali pa ndoa, kama aliwahi kuoa kabla, na majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Majibu ameandika mwenyewe.

Hatua ni hizi. Tafuta kadi yake katika faharasa ya pensheni ya miaka ya 1861 hadi 1934, inayopatikana bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo. Kadi ina jina la askari, kikosi, jina la mjane, namba ya ombi na namba ya cheti. Nakili namba zote, za askari na za mjane, kisha uagize jalada kamili kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Washington. Taja wazi kwamba unataka jalada lote. Ukiona herufi XC mbele ya namba, uliza kwanza liko wapi kabla ya kulipa, kwa sababu majalada hayo hayakuhifadhiwa pamoja na mengine.

Sehemu ya namba ya cheti ikiwa tupu, ombi halikukubaliwa, au alikufa likingali linachunguzwa. Usiliache. Majalada yaliyokataliwa mara nyingi ndiyo manene, kwa kuwa mwombaji alilazimika kuleta shahidi juu ya shahidi. Kosa la kawaida zaidi ni kumtafuta mjane kwa jina moja tu. Aliyeolewa tena alipoteza pensheni, ikahamia kwa watoto kupitia mlezi aliyeteuliwa na mahakama. Na sheria ya 1901 iliwaruhusu baadhi ya wajane kuomba upya mume wa pili alipofariki. Mwanamke mmoja anaweza kuonekana kwa majina mawili, na jina la pili ndilo litakalokuonyesha kaburi lake. Mama mzazi aliyemtegemea kijana aliyekufa vitani naye aliweza kuomba, kwa hiyo hata kijana asiyeoa ana jalada lenye habari za mwanamke.

Kama mume alikuwa upande wa Kusini, Washington haikumlipa mjane wake. Majimbo ya Kusini yenyewe yalitoa pensheni baadaye, na ombi lilipelekwa katika jimbo alikoishi mjane wakati huo, hata kama mumewe alipigana kwa jimbo jingine. Hilo huwapoteza wengi.

SWALI: Ukoo tunaoufuatilia ni wa Wamarekani weusi wa Virginia. Sensa ya 1870 tunayo: mama, miaka 40, na watoto watano. Kabla ya hapo giza tupu.

JIBU: Wa 1870 ndio mwaka wa kwanza ambapo sensa ya taifa iliwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwani. Majedwali ya watumwa ya 1850 na 1860 yana jina la mmiliki, kisha umri, jinsi na rangi ya kila mtu, bila majina isipokuwa mara chache sana. Mwanamke wa miaka 30 katika jedwali la 1860 si ushahidi kwamba ni huyu wenu, hata umri ukioana.

Virginia ina kitu ambacho majimbo mengi hayana. Mwaka 1866 Ofisi ya Walioachwa Huru, idara ya serikali kuu ya kuwasaidia waliotoka utumwani iliyoundwa Machi 1865, iliandikisha katika kaunti kadhaa wanandoa waliokuwa wameishi pamoja utumwani ili ndoa zao na watoto wao watambuliwe kisheria. Rejesta zilizosalia zinataja mume, mke, umri, mahali pa kuzaliwa, watoto, na safu muhimu kuliko zote kwenu: jina la mmiliki wa mwisho wa kila mmoja. Mume na mke mara nyingi walikuwa na wamiliki tofauti. Pitieni pia rejesta za Benki ya Akiba ya Walioachwa Huru ya 1865 hadi 1874. Fomu zake ziliuliza mwenzi, watoto, baba, mama, kaka na dada, na wengine walitaja hata waliouzwa mbali.

Mkishamjua mmiliki, mnaacha kumtafuta bibi kwa jina lake na mnasoma karatasi za mmiliki: orodha za mali baada ya kifo, hati za zawadi kwa mabinti walioolewa, rehani. Kuna jambo chungu hapa ambalo kwa mtafutaji ni msaada. Virginia ilikuwa imeamua tangu 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama, mama akiwa mtumwa naye ni mtumwa. Kwa sababu hiyo orodha za mali mara nyingi huwaandika akina mama pamoja na watoto wao wadogo. Linganisheni kundi zima, mama na majina ya watoto kwa mpangilio wa umri, na kundi la 1870. Jina moja kufanana si kitu. Majina manne kwa mpangilio ule ule ni jambo la kulifanyia kazi. Na msidhani jina la ukoo ni la mmiliki wa mwisho. Wengi walichagua la mmiliki wa zamani zaidi, la baba, au lao wenyewe.

Kama mume alikuwa askari katika vikosi vya weusi, rudini kwenye jibu la pensheni hapo juu. Kwa wajane hao sheria ya 1864, iliyorekebishwa 1866, ilikubali ushahidi wa kuishi kama mume na mke badala ya hati ya ndoa, na mashahidi walikuwa watu waliokuwa watumwa pamoja nao. Kwa wanawake hawa hatujui jalada lenye maneno mengi kuliko hilo.

SWALI: Bibi alitoka Ireland kwenda New York karibu 1870. Nimekuta mtandaoni mti wa ukoo wenye meli yake, kijiji na hati ya uraia. Niuchukue kama ulivyo?

JIBU: Hati ya uraia pekee inatosha kukutia shaka. Tangu 1855 mwanamke aliyeolewa na raia, au ambaye mumewe alipata uraia, alikuwa raia moja kwa moja, na hali hiyo ilidumu hadi Septemba 1922. Wanawake walioolewa karibu hawana hati zao wenyewe, na za waume kabla ya Septemba 1906 nyingi hazimtaji mke. Huenda mwenye mti huo amemchukua mtu wa jina moja. Kijiji nacho kimetoka wapi? Orodha za abiria za Castle Garden, kituo kilichopokea wahamiaji toka 1855 hadi 1890, kwa kawaida ziliandika nchi tu.

Mfano wa kosa la namna hii ni mashuhuri. Annie Moore, binti wa Ireland aliyekuwa abiria wa kwanza kusajiliwa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York, tarehe 1 Januari 1892, kwa miongo kadhaa alidhaniwa kuwa ndiye Annie Moore aliyeishi Texas. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak alionyesha kwamba yule wa Texas alizaliwa Illinois. Annie mwenyewe hakwenda mbali: aliolewa New York, akazaa watoto wengi, akafa huko 1924. Sensa tu ingetosha kuuliza swali hilo mapema, maana ina safu ya mahali pa kuzaliwa, lakini hadithi ilikuwa tamu na hakuna aliyefungua ukurasa.

Kijiji kitafute kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia ya Kikatoliki alikoishi New York. Ubatizo wa kila mtoto huandika jina la mama la kwao na wasimamizi wawili, na wasimamizi ni ndugu mara nyingi. Jiwe la kaburi huweza kutaja kaunti ya Ireland. Kama aliweka akiba katika Emigrant Savings Bank, iliyofunguliwa 1850, vitabu vyake viko Maktaba ya Umma ya New York na vinaweza kutaja alikozaliwa, wazazi na ndugu. Ukishapata parokia ya Ireland, vitabu vyake vya Kikatoliki vimewekwa bure mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Ireland.

SWALI: Kipimo cha DNA hakiwezi kutupa jina la kwao mara moja?

JIBU: Hakitoi jina. Hutoa orodha ya jamaa waliopima, na jina unalitafuta mwenyewe kwa kulinganisha miti yao. DNA ya mitokondria hupita kwa mama hadi mtoto, lakini ni mabinti tu wanaoiendeleza. Ukoo ukipitia mwanamume mmoja katikati, si ya bibi huyo tena. DNA inayosomwa na kipimo cha kawaida hupungua kwa nusu kila kizazi: babu au bibi wa kizazi cha nne juu yako ana wastani wa asilimia 6 ndani yako, kizazi cha nyuma yake asilimia 3. Kwa hiyo mpime mzee aliye hai wa mstari huo kabla ya kuwapima vijana, na umwambie mapema kwamba kipimo kinaweza kufichua baba asiyetarajiwa, ili aamue mwenyewe.